NDUGU ALIYEUZWA

Somo: Mwanzo 37:23–28 na 42:21



Habari ya Yusufu twaijua sote tangu utoto, nasi twapenda kuifundisha, kwa maana mwisho wake ni mwema. Lakini mwezi huu twataka kusimama kitambo pale mwanzoni, kando ya shimo. Nduguze walimvua kanzu yake, wakamtupa shimoni, kisha wakaketi kula. Walipokuwa wakila, wakaona msafara wa ngamia ukishuka kwenda Misri, nao umechukua bidhaa za harufu nzuri. Ndipo mmoja wao akauliza kuna faida gani kumwua, akatoa shauri auzwe. Bei ilikuwa vipande 20 vya fedha. Tazameni neno hili, ndugu: msafara ulikuwa wa wageni, na fedha ilikuwa ya wageni, lakini shauri la kuuza lilitoka kinywani mwa ndugu.

Msafara wa namna hiyo ulipita hata kwetu. Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walitoka Tabora wakielekea Karagwe, wakapita nchi ya mtawala Suwarora waliyoiita Usui, yaani Rusubi, upande huu wetu wa Biharamulo na Ngara. Njia hiyo hawakuifungua wao. Wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuizoea, nao walikuwa na kituo chao Kafuro katika Karagwe. Walitafuta pembe za ndovu kwanza, na watu pia. Kutoka Tabora mizigo ilikwenda Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu hivi, na toka Bagamoyo kwa majahazi mpaka Unguja. Wengine walibaki kulima karafuu Unguja na Pemba. Wengine walivushwa mpaka Arabuni na Ghuba ya Uajemi.

Tusiseme kila mpagazi alikuwa mtumwa, kwa kuwa Wanyamwezi wengi walichukua mizigo kwa ujira wao. Lakini aliyenunuliwa alitiwa kongwa shingoni, na asiyeweza kwenda tena aliachwa njiani au kuuawa. Mwaka 1866 Livingstone, akipita karibu na mto Ruvuma, alimwona mwanamke amefungwa mtini kwa shingo, naye amekufa. Mwanamke yule alikuwa na mama yake, na jina alilopewa siku ya kuzaliwa. Sisi hatulijui, Mungu analijua.

Na upande wa magharibi wa bara yetu mambo yalikuwa makubwa kupita haya. Wenye elimu waliochungua vitabu vya merikebu wakadiria ya kuwa tangu karne ya 16 hata mwaka 1866 watu milioni 12 na nusu walipakiwa kupelekwa Amerika na visiwa vyake, na waliofika hai ni karibu milioni 10 na laki saba. Waliosalia walikufa baharini. Wala pwani yetu haikusalimika: mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwani, na wengi wa Msumbiji walipelekwa mpaka Brazili.

Neno moja latupasa kulisema kwa haya. Watu wa Denmark, nchi ya Kilutheri kama kanisa letu, walikuwa na ngome Accra iliyoitwa Christiansborg, na humo watu walifungiwa wakingoja merikebu. Amri ya kuikataza biashara hiyo ilitolewa Denmark mwaka 1792, ikashika mwaka 1803. Na utumwa wenyewe katika visiwa vyao ulidumu hata mwaka 1848. Basi kuwa na Katekisimo mkononi hakukuwazuia watu kumfunga jirani yao.

Yako mambo mengine ya kutazama, nayo ni habari ya nguo. Wazee walikuwa wakiiita merikani ile nguo nyeupe iliyotumika kama fedha katika njia za misafara, nayo ilitolewa kuwa hongo kwa watawala, na kununua pembe na watu. Iliitwa hivyo kwa kuwa ilitoka Marekani, ambayo ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833. Ilifumwa huko Massachusetts kwa pamba ya kusini, na pamba hiyo ililimwa na watumwa, wajukuu wa waliouzwa magharibi mwa Afrika. Ndivyo jasho la mtu aliyeuzwa upande mmoja lilivyorudi kuwa bei ya mtu wa upande wa pili. Dhambi ya kuuza watu haikai mahali ilipoanza, husafiri.

Nani aliyeuza? Wageni walinunua, nao watahukumiwa kwa kununua kwao. Walakini mara nyingi walipokea mtu kutoka mkononi mwa mtu wa nchi. Huyu aliuzwa kwa deni la mjomba, huyu kwa kusingiziwa uchawi, huyu alitekwa vitani, na mtoto huyu aliwekwa rehani wakati wa njaa, asikombolewe. Torati katika Kutoka 21:16 yamhukumu kifo aibaye mtu na kumwuza. Haiulizi kabila lake.

Mungu alileta mwisho wa mambo haya polepole. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa ulifutwa kwa sheria Unguja mwaka 1897. Wadachi hawakuufuta katika bara. Waliamuru tu ya kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Nao ukafutwa kabisa Tanganyika mwaka 1922. Na kanisa letu lina deni la shukrani kwa hao waliokombolewa. Kisarawe, mwaka 1892, ilianza kwa kuwakusanya waliokombolewa, na Lutindi katika Usambara, mwaka 1896, kwa kuwatunza watoto wao. Martin Ganisya, aliyekuwa mtumwa, akawa mwalimu, akauongoza usharika wa Dar es Salaam wamisioni walipoondolewa wakati wa vita kuu ya kwanza. Jiwe walilolikataa waashi Mungu alilitia ukutani.

Sasa na tujitazame. Katika usharika mmoja tulioutumikia, kijana mwaminifu alikwenda kuposa, wazee wakamkataa. Tulipouliza sababu, wakanong'ona: babu wa babu yake alinunuliwa. Jumapili iliyofuata walipiga magoti pamoja naye mbele ya kikombe kimoja. Tulinyamaza siku ile, nasi twatubu kunyamaza kwetu. Paulo alimrudisha Onesimo kwa Filemoni ili apokewe kama ndugu mpendwa. Nasi twawarudisha ndugu wapendwa wawe watumwa.

Tena, msafara haujakoma. Huja mtu na maneno matamu, akachukua binti wa kijijini kwa ahadi ya kazi njema mjini, na binti huyo hapati mshahara wala ruhusa ya kurudi. Huvuka kijana maskini kutoka Burundi, akalima shamba la Mkristo msimu mzima, na siku ya malipo hufukuzwa. Tangu mwaka 2008 nchi yetu ina sheria ya kukataza usafirishaji wa watu. Ninyi waalimu, mwulizeni mzazi: Mtoto yuko wapi? Yu kwa nani? Lini ulisikia sauti yake? Na mwenye shamba mwulizeni kama amelipa.

Nduguze Yusufu walikaa miaka zaidi ya 20 bila kuungama, hata njaa ikawaleta Misri. Hapo wakaambiana ya kuwa wana hatia, kwa maana waliiona taabu ya nafsi yake alipowasihi, wasimsikilize. Tusingoje njaa ndipo tuseme hivyo. Bwana wetu mwenyewe aliuzwa kwa vipande 30 na mtu aliyekula naye. Naye alikubali kuhesabiwa pamoja na waliouzwa, ili awakomboe na sisi tuliouza. Kwa damu hiyo twaweza kuungama bila kuogopa.

Ee Bwana, utukumbushe ndugu tuliyemwacha shimoni, na utupe mikono ya kumtoa. Amina.