Msafiri Kafiri? Juu ya Tonge Linaloliwa Baharini

Wazee wetu wametuachia methali ya maneno mawili tu, nayo ni hii: msafiri kafiri. Ufupi wake ndio unaomwezesha kila mtu kuitumia kwa haja yake. Mwenye kulaumu huilaumia, akakusudia kwamba mtu akishaipa nyumba yake mgongo huyaacha na maadili yake mlangoni. Mwenye kulaumiwa naye hujitetea kwa maneno yale yale, kwamba safari ina mambo yake na msafiri hapimwi kwa mizani ya mkaazi. Methali ni moja, hukumu ni mbili, na zinapingana. Nimekuwa nikiifikiri methali hii kwa muda, wala si kwa ajili ya madhambi makubwa ambayo wanavyuoni wameshayaeleza. Lililonishughulisha ni jambo dogo ambalo pengine msomaji ataliona la mzaha: vile vyakula ambavyo mtu havili ila awapo chomboni.

Apandaye boti ya asubuhi pale Malindi kwenda Dar es Salaam, au meli ya kwenda Pemba, akawa na macho ya kutazama, ataliona jambo hili kabla kisiwa cha Changuu hakijapotea nyuma. Mzee ambaye mtaani kwake hajapata kuonekana akitafuna kitu hadharani, kwa kuwa alilelewa kuwa mwungwana hali njiani, anafungua pakiti ya bisi. Mfanyakazi wa ofisini ambaye kila siku huchukua mkate wa nyumbani ili asiitawanye mishahara yake, ananunua sambusa nne kwa bei ambayo nchi kavu angeliigombea. Bwana mwengine, aliyewakataza wanawe soda kwa sababu za afya, ameshika chupa ya pili. Hakuna anayemshangaa mwenzake. Kamba ya gati imefunguliwa, na pamoja nayo imefunguliwa kamba nyengine isiyoonekana.

Mjomba wangu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliishi na maradhi ya sukari kwa zaidi ya miaka ishirini, na nyumbani alikuwa mkali wa nafsi yake kuliko daktari wake. Chai alikunywa kavu. Wali aliupima kwa upawa mmoja, wala hakuongeza hata siku ya Idi. Katika maulidi, kisahani cha halua kilipomfikia alikipitisha kwa jirani yake bila ya kukitupia jicho, na sisi watoto tukamwona kama walii. Lakini mjomba alikuwa na mikarafuu yake Pemba, na kila msimu alikwenda kuisimamia. Siku ya kurudi hununua halua ya Wete iliyofungwa katika kikapu kidogo cha ukindu, akachukua na chupa ya kahawa, akatafuta pahala pa upepo juu ya meli, akala. Alikula taratibu, kwa vidole vitatu, akiangalia maji. Meli inapoingia Malindi kikapu kimekwisha na mikono imeoshwa.

Mara moja nilisafiri naye nikiwa kijana, nikathubutu kumwuliza: "Mjomba, na daktari je?" Hakukasirika. "Daktari yuko mjini, mwanangu," alinambia. "Sisi tuko baharini."

Jawabu hilo nimelizungusha akilini miaka mingi. Mjomba hakuukana ugonjwa wake, wala hakudai kuwa halua haimdhuru. Alilosema ni kwamba yuko pahala ambapo hukumu haimfikii. Baadaye mguu wake ulikatwa chini ya goti, na safari za Pemba zikakoma. Mwanawe mmoja, kwa huruma ambayo sijui kama niisifu au niilaumu, alimletea nyumbani halua ya fundi yule yule, katika kikapu kile kile cha ukindu. Mjomba aliitazama, akaisukuma. "Halua ya nini ndani ya nyumba?" Basi kumbe miaka yote ile hakuwa akiila halua peke yake. Alikuwa akila masaa yale ambayo hakuwa baba wa mtu, wala mgonjwa wa mtu, wala mfano wa mtu. Halua ilikuwa ni ladha ya kutokuwapo.

Hapa atatokea wa kusema kwamba hata sheria inamjua msafiri, na kumbe mjomba alikuwa na hoja. Ni kweli kwamba inamjua. Sala ya rakaa nne huipunguza ikawa mbili, huzikusanya adhuhuri na alasiri, na katika Ramadhani humruhusu kufungua. Lakini tuitazame vizuri ruhusa hiyo ilivyojengwa. Kwanza ina kipimo: si kila anayevuka mtaa ni msafiri. Pili ina sababu, nayo ni mashaka ya njiani, ingawa siku hizi mtu huvuka kwenda Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili ndani ya chumba cha baridi, akiangalia filamu. Tatu, na hili ndilo linalonishughulisha zaidi, funga iliyoachwa haikufutwa. Imeandikwa deni, na siku zake zitalipwa mtu akirudi kwao. Mjomba wangu, mtu wa safu ya mbele msikitini, alilichukua neno ruhusa akaliacha deni lake pale gatini. Nadhani wengi wetu tunafanya hivyo.

Jambo la ajabu ni kwamba bahari yenyewe haikuwa hivi zamani. Siku za majahazi hakuna aliyepanda chombo ili ale vizuri. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri katika jahazi la Kikuwait liitwalo Bayan kutoka Aden hadi pwani yetu katika msimu wa 1938 na 1939, na akaandika kitabu alichokiita Sons of Sindbad, ametueleza maisha ya mabaharia wale. Chakula chao kilikuwa wali na samli, samaki akipatikana, mkate usiotiwa chachu, na tende. Hicho ndicho kilichokuwa chakula cha kaskazi yote. Utamu ulikuwa nchi kavu, bandarini, na baharia aliuota kwa wiki kadhaa kabla ya kuuonja.

Na bandari ilijua wajibu wake. Ibn Battuta alipoteremka Mogadishu mwaka 1331 alitiwa katika nyumba ya wanafunzi, akaletewa chakula mara tatu kwa siku: wali uliopikwa kwa samli, juu yake michuzi ya kuku na nyama na samaki na mboga, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, pilipili na tangawizi mbichi, na maembe. Aliandika kwa mshangao kwamba mtu mmoja wa mji ule hula chakula cha kundi la watu wa kwao. Nimependa kuwa hata msafiri mkubwa kama yule, aliyezunguka nusu ya dunia, hakusahau kuziandika ndizi. Lakini tuangalie kwamba karamu ile haikuwa ya siri. Alikula mbele ya mwenyeji wake, kwa jina lake na nasaba yake, na alichokula kilimfunga kwa heshima: ilimbidi ashukuru, na miaka mingi baadaye akiwa kwao Maghribi akawataja kwa wema. Mgeni wa namna hiyo hawi huru hata kidogo.

Leo tunaziona meli ndefu za watalii zikisimama mbele ya mji, refu kuliko mtaa wa Forodhani mzima, zikaupita urefu mnara wa kila msikiti. Kijana wa mtaani kwetu aliwahi kufanya kazi jikoni katika mojawapo. Anasema chakula hakiondolewi mezani usiku na mchana, kwani kila kitu kimelipiwa kabla ya safari, na kilicholipiwa mbele huonekana kama cha bure. Anasema aliwahi kumwona mama mmoja wa makamo akichukua keki tatu usiku wa manane, akamwambia kwa haya kwamba kwao huwa hali keki, hula majani. Kijana alicheka aliponisimulia. Mimi sikuweza kucheka, maana nilimwona mjomba na kikapu chake. Watu hawa tunaowasema kuwa hawana haya wamefanya kwa mpango, na kwa fedha nyingi, lile ambalo mjomba alilifanya kwa chupa ya kahawa. Tafauti ni kwamba wao wamejengewa bahari nzima kwa ajili hiyo.

Lakini deni halipotei kwa kuwa mdaiwa kaondoka. Nenda Jambiani au Paje wakati wa bamvua, maji yakipwa, utawaona kina mama wakitembea juu ya mwamba na vijiti vyao wakiwatafuta pweza mashimoni. Nimekulia katika nyumba ambayo pweza wa nazi alikuwa kitoweo cha siku yoyote, kitoweo cha wenye pato dogo. Sasa pweza yule hungojewa ufukweni na mnunuzi, akapelekwa hotelini, na mama aliyemtoa shimoni anarudi kwake na fedha za kununulia dagaa. Simlaumu kwa kuuza. Ana ada za skuli za kulipa, na methali yetu yenyewe inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nauliza tu nani amepona. Mgeni anayesema "leo niko safarini, acha nile" hajui kwamba hicho anachokila mara moja kwa mwaka kilikuwa cha kila wiki katika nyumba fulani, na kwamba nyumba ile haina safari ya kwenda.

Na nikilipeleka suali hili kwa mjomba, naye haniponyoki. Baada ya mguu kukatwa, kidonda kilikuwa kikisafishwa kila alfajiri kabla ya mtu kwenda kazini. Aliyekisafisha ni binti yake. Miaka mitatu aliinama mbele ya beseni lile. Yeye hakuwahi kuwamo melini, wala halua ya Wete hakuionja. Mimi sioni dhambi katika utamu, wala siamini kwamba mtu aliyejizuia miezi kumi na moja anastahiki kusutwa kwa masaa matano. Linalonikera ni kwamba karamu ilikuwa ya mtu mmoja na malipo yakawa ya mwengine, na kwamba neno "baharini" ndilo lililomwezesha asimwone huyo mwengine. Kisiwa hakionekani ukiwa katikati ya mkondo, lakini kipo, na jikoni kwake kuna mtu.

Ningekuwa tayari kuimaliza hoja hapa, na methali ile nikaiweka upande wa walaumu, lau nisingemwona bibi mmoja katika meli ya Pemba, miaka michache nyuma. Alikuwa amekaa peke yake karibu na dirisha, buibui lake limekunjwa vizuri, na masurufu yake ndani ya pakacha. Alipolifungua nikaona mkate wa kumimina na kuku mzima wa kienyeji aliyekaangwa. Msomaji anaijua desturi ya nyumba zetu. Kuku akichinjwa, mapaja yana wenyewe, kidari kina mwenyewe, na firigisi ni ya baba. Mwanamke akiigusa firigisi ni kama ameiba. Mpishi hula mwisho, akabahatika kupata shingo na ukoko. Bibi yule alitia mkono ndani ya pakacha, akaitafuta firigisi, akaitoa, akaipigia bismillahi, na akaila kabla ya kitu chengine chochote. Kisha ndipo akatugeukia sisi tuliokuwa karibu naye, akasema "karibuni," na akatugawia kidari na mapaja yote mawili bila ya kutujua hata mmoja.

Kwa bibi yule nani mwenye deni? Ikiwa kwa miaka hamsini firigisi yake imeliwa na wengine, basi bahari haikumpa ruhusa ya kukosa; imempa chake. Hukumu iliyomwachia ni hukumu ambayo haikuwa ya haki tangu mwanzo, na methali ile, ikimsemea yeye, inakuwa na maana ya tatu ambayo sikuitarajia: kuwa huenda ukafiri ulikuwa nyumbani. Lakini hapo hapo nikajiuliza kwa nini ilimlazimu apande meli. Jiko ni lake, kuku ni wake, aliyemfuga na kumchinjisha ni yeye. Ila la kutoa mkono na kuichukua firigisi lilihitaji maili za maji baina yake na macho ya wanawe, na ni wana wale wale wanaompenda na kumlipia nauli.

Tulipouingia mkondo wa Nungwi watu waliacha kula, kama wanavyoacha siku zote. Wengine ni kwa kichefuchefu, wakaanza kunusa ndimu. Wengine ni kwa kumbukumbu, maana tangu MV Spice Islander I ilipozama katika maji yale usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, hakuna Mpemba anayepita pale mdomo wake ukiwa na kitu kisichokuwa dua. Bibi alilifunga pakacha lake, akatoa tasbihi.

Mkoani alipokelewa na vijana wawili, mmoja wao nadhani ni mkwewe. Walimbusu mkono, wakamtwaa mzigo, wakamwuliza kama ametaabika njiani na kama alipata chochote cha kutia tumboni. Nilikuwa nyuma yake katika foleni ya kushuka. Akawajibu kuwa alikunywa chai tu.