Asiyekubali Kushindwa Si Mshindani

Tazameni wazee wawili wakicheza bao barazani wakati wa jioni. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huzigawa kete zake moja moja, shimo kwa shimo. Mkono ni mwepesi, na giza laingia; ni rahisi kudondosha kete mbili mahali pa moja, au kuibakiza moja kiganjani. Hapana askari pale, wala hakimu, wala fedha ya kushindaniwa. Hata hivyo yuko mtu, tena pengine mtu mwema anayelipa madeni yake na kuheshimiwa kijijini, ambaye huiba kete. Kwa nini? Swali hili laonekana dogo, lakini twawaomba wazazi walitafakari pamoja nasi.

Sababu ya kwanza ni hofu ya kushindwa. Mwenye majivuno hawezi kuvumilia kuonekana wa pili. Kushindwa kwake si jambo la mchezo. Ni kana kwamba utu wake umepunguzwa mbele za watu. Kwa hiyo achagua kuonekana bora kuliko kuwa bora.

Tarehe 30 Agosti 1904, mjini St. Louis, Marekani, palikuwa na mbio za marathoni katika Michezo ya Olimpiki. Jua lilikuwa kali na barabara imejaa vumbi. Mkimbiaji mmoja, Fred Lorz, alichoka baada ya yapata maili 9, akapanda motokaa, akachukuliwa maili 11 hivi. Motokaa ilipoharibika, alishuka, akakimbia mpaka uwanjani, akapokewa kwa shangwe kama mshindi. Kabla hajakabidhiwa tuzo, udanganyifu wake ulijulikana. Naye alijibu nini? Alisema alikuwa akifanya mzaha tu.

Hapo ndipo ilipo sababu ya pili: udhuru wa kwamba ni mchezo tu. Lakini mchezo ni mapatano. Hauna kitu kingine cha kuusimamisha ila neno la wachezaji waliokubali sheria moja. Mtaalamu wa historia wa Uholanzi, Johan Huizinga, aliandika mwaka 1938 kwamba aghalabu watu humkasirikia zaidi yule anayeuvunja mchezo na kuondoka kuliko yule anayedanganya ndani yake, kwa sababu mdanganyifu bado ajifanya kuziheshimu sheria. Basi huo ndio ubaya wake hasa. Mwizi wa kete hataki kila mtu aibe kete, la hasha! Ataka wengine wote wawe waaminifu, ili hila yake peke yake ipate faida. Aula uaminifu wa mwenziwe kama mchwa alavyo nguzo ya nyumba anamokaa.

Sababu ya tatu yatuhusu sisi tunaotazama. Tarehe 22 Juni 1986, katika Kombe la Dunia nchini Meksiko, Diego Maradona wa Argentina aliwafunga Waingereza bao kwa mkono. Mwamuzi hakuuona mkono, bao likakubaliwa, na Argentina ikashinda 2 kwa 1. Baadaye mchezaji yule alisema kwamba Mungu naye alitia mkono wake. Ni watu wangapi duniani waliocheka na kusifu! Twajiuliza: watoto waliokuwa wakitusikiliza siku ile walijifunza nini?

Maana watoto hujifunza. Mwaka 1928 wataalamu wawili wa Marekani, Hugh Hartshorne na Mark May, walitangaza matokeo ya kuwapima watoto zaidi ya 10,000 katika masomo, michezo na mambo ya nyumbani. Waliona kwamba mtoto mwaminifu mahali pamoja aweza kudanganya mahali pengine, na kwamba desturi ya wenzake yamvuta sana. Basi haitoshi kumfundisha mtoto amri kwa maneno. Yatupasa kumfanyia nyumba ambayo ndani yake ushindi wa hila haupigiwi makofi. Baba anayempunguzia mwanawe umri ili acheze na walio wadogo kuliko yeye, asishangae siku mwana huyo atakapoleta cheti cha mtihani alioununua.

Mtakatifu Paulo aliwakumbusha Wakorinto juu ya wakimbiaji, na akamwandikia Timoteo kwamba hapati taji yule asiyeshindana kwa kufuata sheria. Nalo Kanisa lafundisha kwamba aliyeiba hana budi kurudisha. Ushindi hurudishwaje? Kwa kusema, “Mchezo huu si wangu, ni wako.” Maneno haya ni machache, lakini ni mazito kuliko gunia la mawe. Mtoto aliyeyasema mara moja amekwisha kujifunza kuungama.

Wala aliyeanguka asikate tamaa. Lorz alifungiwa, kisha akasamehewa. Na mwaka 1905 alishinda marathoni ya Boston kwa miguu yake mwenyewe.

Lakini sisi twapenda kuwakumbuka Waafrika wawili waliokimbia siku ile ile St. Louis, Len Taunyane na Jan Mashiani, kutoka Afrika Kusini. Walianza wakimbiaji 32, wakamaliza 14 tu. Taunyane alikuwa wa 9, na Mashiani wa 12. Hawakupata taji, lakini kila hatua waliyoihesabu ilikuwa yao.

Wazazi wapendwa, mtoto wenu arudipo jioni kutoka uwanjani, msimwulize kwanza kama ameshinda. Mwulizeni amecheza namna gani. Na akiwaambia kwamba ameshindwa kwa haki, mpeni mkono.