Jina Huzaa Swali

Mwaka 1955 John McCarthy na wenzake watatu waliandika ombi la fedha ili wakutane na wataalamu wengine katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, kiangazi cha mwaka uliofuata. Fani waliyokusudia kuianzisha waliipa jina lenye neno "akili". Jina hilo ni sitiari: mashine ilivishwa vazi la binadamu. Tangu hapo twasema inafikiri, inajifunza, inaelewa. Na tumesahau kwamba vazi ni la kuazima.

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alitangaza ELIZA, programu iliyoyageuza maneno ya mtu kuwa swali na kumrudishia. Katibu wake, aliyemwona akiiunda kwa miezi, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani. Hapakuwa na moyo wa kumsikiliza. Sura ya msikilizaji ilitosha.

Kiswahili nacho, katika kuipa fani hiyo jina, kimechagua sura zake. "Akili bandia" hutufanya wakaguzi wa noti: hii ni halali au ghushi? Lakini kosa la mashine hii huumiza kweli, si kwa ubandia. "Akili mnemba", lililoenea Tanzania, kwa wengi bado ni neno geni, chombo kinachosubiri kujazwa. Mimi nashika la tatu: "akili unde".

Kuunda ni kazi ya mafundi wa jahazi. Jahazi likivuja, watu wa kijiji cha Matondoni kule Lamu hawaulizi mbao zilikusudia nini, humwendea fundi. Vivyo hivyo, neno "unde" hutukumbusha mikono: waandishi ambao matini zao zilikusanywa, na vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maneno machafu ili mashine ijue kuyaepuka.

Najua sitiari hii ina mpaka. Jahazi huungwa ubao kwa ubao, ilhali mashine hizi hupata uwezo kwa kuzoezwa, na waundaji wenyewe hawajui yote yaliyomo ndani. Hata hivyo, fundi asiyeijua bahari yote hasamehewi jahazi linalovuja.

Basi kabla hujauliza kama mashine inafikiri, uliza kwanza: nani aliiunda, kwa jasho la nani, na ikizama na abiria, nani atajibu?