Bila Kamba

Mimi ni mpenzi wa Batman, na leo naitetea filamu ambayo mashabiki wenzangu wengi huiweka nyuma: The Dark Knight Rises, ya mwaka 2012, iliyofunga utatu wa Christopher Nolan.

Wanasema haifikii ile ya pili, ya 2008. Kweli, Joker wa Heath Ledger hana mfano. Oscar yenyewe alipewa akiwa marehemu. Na hii ya mwisho ina matundu yake: Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, anavunjwa mgongo, anatupwa katika gereza la shimo nchi za mbali, kisha anaibuka Gotham, mji wake uliozingirwa, wala hatuonyeshwi kapitia wapi. Haya, tuyafumbie macho.

Lakini lile shimo! Wafungwa hupanda ukuta wamejifunga kamba kiunoni, wakiruka wanaanguka. Mzee kipofu anamwambia Bruce kwamba udhaifu wake ni kutoogopa kifo. Basi anapanda bila kamba, roho mkononi, na anafika. Mtu aliyefundishwa kuishinda hofu tangu filamu ya kwanza, ya 2005, sasa anaokolewa na hofu hiyohiyo. Kumgeuzia shujaa somo lake la kwanza namna hiyo kunahitaji ujasiri.

Na ule mkahawa wa Florence mwishoni, Bruce akiwa anadhaniwa amekufa, mtumishi wake Alfred anapoinua macho akamwona ameketi na Selina, mwizi aliyegeuka mshirika wake? Wapo wanaodai mzee anaota. Siwaamini. Kwanza, tumeshaambiwa ndege aliyodhaniwa kufia ilirekebishwa ijiendeshe yenyewe. Pili, mzee amekwishawalilia baba, mama na mwana wa nyumba moja; Nolan hana roho ngumu kiasi hicho.