Kabla Masika Hayajabisha Hodi

Kabla hujamimina chai, hebu fungua mlango wa uani utazame nje. Machi imeingia, na masika yakija kwa wakati wake yatatunyeshea hadi Mei. Kile kipande cha ardhi kati ya kamba ya nguo na ukuta wa jirani kinaweza kutia mboga chunguni kila siku.

Usikimbilie jembe. Tazama kwanza maji ya paa yanamwagikia wapi, na kivuli cha mwembe kinalala wapi saa kumi jioni. Mimi ningeanza na mchicha, maana ndani ya wiki nne hivi unachuma, na mtu aliyekwisha kuchuma hachoki kumwagilia. Sukuma wiki ipe nusu mita kati ya mche na mche, nayo itakupa majani kwa miezi.

Samadi ya kuku ndiyo inayoponza wengi. Ikiwa mbichi huunguza mizizi. Irundike na majani makavu, inyunyizie maji, igeuzegeuze miezi miwili au mitatu, hadi ipoe na kunukia udongo. Na kuku wenyewe, tafadhali, wawe bandani kabla hujasia mbegu. Nimeona tuta zima likifukuliwa asubuhi moja, mama mwenye tuta ameketi kizingitini, machozi yanamlengalenga.

Uani pako ni saruji tupu? Gunia moja la udongo na samadi, lililotobolewa ubavuni, linatosha kuanzia. Jioni pita kwa jirani, umwombe marando ya matembele.