Kitu cha Bure Kina Haki Yake

Je, apewaye kitu bure huwa hana deni? Wengi hudhani hivyo, nasi twaona wamekosea.

Natutazame Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Maelfu ya programu zilizomo hutunzwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Kila mmoja hushika programu zake, akazitengeneza zikiharibika. Nao katika ahadi yao ya mwaka 1997 waliandika kwamba mfumo utabaki huru, wala hawataficha kasoro zake.

Mwaka 2024 hatari ilidhihiri. Programu ndogo iitwayo xz, itumiwayo na Debian na mifumo mingine, ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyechoka, naye alilaumiwa kwa kukawia. Akatokea mtu asiyejulikana hata leo ni nani, akajifanya msaidizi kwa zaidi ya miaka 2. Alipoaminiwa, akatia humo mlango wa siri. Lau Andres Freund hangalishangazwa na kompyuta yake kukawia nusu sekunde, mlango huo ungalienea mbali.

Basi twauliza: hao waliolaumu walilipa nini? Kujitolea kwa mtu hakumfanyi kuwa mtumwa wa anaowatumikia. Mwenye ujuzi yampasa asaidie. Mwenye mali atoe. Asiye na hivi wala hivi auzuie ulimi wake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na amana ya wengi haifai kuachiwa mmoja.