Mwachie Aende Mazoezi

Wapo wazazi hapa Diani na Msambweni wanaoniuliza, "Mchungaji, hii bendi ya vijana itamsaidia nini mwanangu?" Wapendwa, someni 1 Mambo ya Nyakati 25:7-8. Waimbaji 288 walifunzwa, kisha wakapigiwa kura sawasawa, mwalimu na mwanafunzi. Kule Korogocho, Nairobi, Ghetto Classics ilianza mwaka 2008. Baadhi ya watoto waliojifunzia humo leo wanafundisha wenzao. Nawaambia, kwenye kundi kijana hujifunza kuwahi, kumsikiliza mwenzake, na kunyamaza zamu yake isipofika. Hoteli ikitafuta mpiga kinanda, haimwiti tena mchelewaji, hata awe fundi vipi. Mzazi, usimtoe. Kijana, kipaji umepewa bure. Nidhamu utaitafuta mazoezini. Amina.